Nani Awe Mlezi wa Sekela?

Palikuwa na watu watatu katika shule moja ya msingi huko milimani Rungwe, mahali ambapo mvua haingoji msimu. Wa kwanza ni Mwalimu Tulinagwe, aliyejua kuona. Wa pili ni Mama Ambwene, mpishi wa uji, aliyejua kutuliza. Wa tatu ni Lugano, msichana wa darasa la tatu, aliyejua kusamehe. Kila mmoja alikuwa na chake, na hakuna aliyekuwa na cha mwenzake.

Lugano aliketi dawati moja na Sekela. Sekela alikuwa na miaka tisa na mkono mwepesi. Tangu mama yake afariki naye ahamie kwa bibi yake, alikuwa amempasua mdomo mtoto mmoja, akachana madaftari ya wawili, akamng'ata hata Lugano begani. Kamati ya shule ikakaa na kutoa neno: akimuumiza mtu tena kabla ya kufunga shule, aondoke.

Tulinagwe ndiye aliyekuwa mwalimu wa malezi, na huo ulikuwa mwaka wake wa kwanza kazini. Aliandika kila tukio la Sekela: siku, saa, nani alisimama wapi. Kosa lake ni kuliacha daftari wazi mezani ofisini. Mwenyekiti wa kamati alilisoma, na uamuzi ukatoka humo humo. "Umeturahisishia kazi, Mwalimu," alimwambia, na Tulinagwe akalichukua daftari lake. Akazirudia kurasa zake mstari kwa mstari, hadi akaona ambalo kamati haikuliona: kila mara, mtu alikuwa amemjia Sekela kutoka nyuma. Kesho yake akalisogeza dawati lao hadi ukutani. Kwenye paredi akamsimamisha Sekela mwisho wa mstari, pasipo mtu mgongoni.

Mama Ambwene hakuwa na daftari. Sekela alipotolewa darasani alipelekwa jikoni kwake, akapewa kikombe.

"Kunywa."

"Unaunguza!"

"Sasa unaufanyaje?"

"Naupuliza."

"Haya, puliza. Na hasira nayo imeepuliwa sasa hivi, mwanangu. Nani kakutuma uinywe ya moto?"

Baada ya wiki tatu Sekela alikuwa akipuliza hata bila kikombe. Watoto wakamcheka: "Pampu hiyo! Njoo utujazie baiskeli!"

Na Lugano? Mama yake alifika shuleni kutaka ahamishwe dawati. Lugano akagoma.

"Atakung'ata tena!" mama akafoka.

"Akining'ata nitalia. Nikihama, atakaa na nani?"

Tulinagwe akamvuta pembeni. "Kwani humwogopi?"

"Namwogopa, Mwalimu. Ila jana kanichongea penseli."

Zikabaki siku sita shule ifungwe. Asubuhi hiyo mvua ilivunja paredi, watoto wakakimbilia barazani, na mistari yote ya Mwalimu Tulinagwe ikasambaratika. Ipyana wa darasa la tano akamvuta Sekela sweta kutoka nyuma. "Pisha, yatima!"

Sekela akageuka na kipande cha tofali mkononi.

Tulinagwe, aliyejua kinachomwasha, akapaza sauti: "Ipyana! Hatua tatu nyuma!" Ipyana akarudi nyuma. Mlangoni mwa jiko Mama Ambwene akavimbisha mashavu, akapuliza hewa tupu. Lugano akasogea ubavuni kwa Sekela, akakinga kiganja chini ya tofali. "Nipe nikushikie."

Sekela akapuliza. Akapuliza tena. Mara ya tatu, tofali likashuka mkononi mwa Lugano.

Mwenyekiti alikuwapo, akaona. Kamati ikabadili neno lake: Sekela abaki.

Lakini shuleni hapo mtoto aliyesamehewa hupewa mlezi, na watu wa kwao huleta kuku. Anayempokea kuku ndiye huitwa kwanza mtoto akikosea, na neno lake husikilizwa kabla ya adhabu. Mlezi ni mmoja tu, kwani husemwa pale kwamba mtoto wa walezi watatu hulala njaa, kila mmoja akidhani mwenzake kamlisha.

Bibi yake Sekela akaja na mtetea kwapani. "Nimkabidhi nani?"

"Mwalimu," akasema mwenyekiti. "Ndiye aliyesomea."

Tulinagwe alimtaka kuku yule, na akaona haya kumtaka. "Daftari langu nusura limfukuze," akasema.

"Basi Mama Ambwene."

"Mimi nashinda jikoni. Moto ukiwaka darasani nitaujuaje?"

"Nipeni mimi!" akasema Lugano, na watu wakaangua kicheko. "Mtoto amlee mtoto?"

Bibi hakucheka. "Kati yenu, nani mwingine aling'atwa akabaki palepale?"

Kicheko kikaisha. Wakamgeukia Sekela mwenyewe achague. Akawatazama wote watatu, akauliza polepole, "Nikimtaja mmoja, hawa wawili wataniacha?"

Bibi bado amesimama pale, mtetea anarusha miguu, na kila mtu anamtazama mwenzake.

Haya, nanyi mliosikia, semeni. Sekela ni mtoto, na iko siku atakosea tena. Siku hiyo, mngetaka aitwe nani?