Kanuni ya Kumi na Tatu ya Bembea ya Kiboko

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wana nyumba zenye milango na majirani wa kugombana nao, Kiboko alijenga bembea kubwa ya duara. Ilikuwa na viti kumi. Kiti kikifika juu kabisa, aliyekikalia aliiona nchi yote, mpaka vilima vya ng'ambo ya mto.

Bembea hiyo ilizunguka siku tatu tu kwa mwaka, siku za sikukuu ya mavuno. Mvua zikikaribia, Kiboko aliing'oa, akarudi zake majini.

Sasa, wanangu, alikuwapo Pimbi. Pimbi mnamjua: mdogo kama sungura, hana mkia, anakaa maweni. Binti huyu alikaa na bibi yake, aliyezaliwa Kilima cha Mawe Matatu huko ng'ambo, akaolewa huku, asirudi tena. Macho ya Bibi yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho. Mganga Korongo aliyachungulia akasema, "Mvua hizi zijazo zikiisha, hataona hata kijiko."

Bibi naye akasema, "Mjukuu wangu, mimi sina makuu. Nataka nikione kilima chetu mara moja, hata kwa mbali."

Kwa hiyo siku ya tatu ya sikukuu, siku ya mwisho, Pimbi alimbeba Bibi mgongoni, huyoo, mpaka kwenye Dirisha la Maulizo. Dirishani alikaa Nyumbu, kofia kichwani, kalamu sikioni.

"Shikamoo, kaka. Nataka kumwekea bibi yangu nafasi ya bembea."

"Marahaba. Nafasi haziwekwi hapa. Unaingia ndani, unamwona Kiboko mwenyewe, anakuandika palepale."

Pimbi akaingia ndani. Kiboko alikuwa ameketi penye mkono wa kuzungushia bembea, anazungusha. Kwiii, kwiii, kwiii.

"Nafasi huwekwa dirishani, kabla hujaingia," Kiboko akasema. "Ukishaingia bila nafasi, umeingia kutazama tu. Hiyo ni kanuni ya nne. Ubao ule pale, kanuni kumi na mbili, nimeziandika mwenyewe."

Pimbi akarudi dirishani. Nyumbu alikuwa amekwenda kunywa chai, na mahali pake alikaa Mbuni, shingo ndefu, macho makubwa.

"Nani kakwambia uweke leo?" Mbuni akauliza. "Nafasi ya leo huwekwa jana."

"Jana nilikuja, dada. Nikaambiwa nije leo."

"Aliyekwambia hakuwa mimi."

"Alikuwa wewe. Ulikuwa umevaa hereni hizohizo."

Mbuni akazigusa hereni zake. "Basi jana nilikuwa sahihi kwa jana," akasema. "Anayefuata."

Juu ya bembea, wakati huo, walikaa Nyati na ndugu zake tisa. Viti kumi, nyati kumi. Kanuni ya sita ilisema hakuna kuweka nafasi ya pili kabla hujaitumia ya kwanza, nao waliifuata sawasawa: walishuka, wakaweka nafasi, wakapanda tena kiti kikiwa bado cha moto. Siku ya tatu hiyo.

"We Pimbi," Nyati mkubwa akaita kutoka juu, "mbona unahangaika? Bibi yako haoni. Mweke kwenye gogo, umtikise kidogo, mwambie amefika."

Ndugu tisa wakacheka, viti vikayumba.

Bibi akasema polepole, "Turudi nyumbani, mwanangu. Wametushinda."

"Ngoja kidogo, Bibi," Pimbi akasema. Akamketisha kivulini, naye akakaa karibu na dirisha, akasikiliza.

Nungunungu alifika akauliza choo kiko wapi. Nyumbu, aliyekwisha kurudi kutoka kunywa chai, akanyoosha kwato kuelekea jikoni bila kupepesa. Swala akauliza sikukuu ya mwakani itaanza lini. "Ijumaa," akasema Mbuni. "Alhamisi," akasema Nyumbu. Wote wawili walikuwa na uhakika kamili.

Maana katika mji ule, wanangu, kulikuwa na neno moja ambalo mwenye kofia hakulitamka hata kwa kubanwa mlangoni. Neno lenyewe ni "sijui". Aliyepotea njia alisema anatembeatembea. Aliyeulizwa asichokijua alijibu upesi, ili aonekane anakijua.

Pimbi akasimama, akajikung'uta vumbi, akaenda dirishani.

"Kaka Nyumbu, samahani, nakuuliza wewe kwa sababu wewe ndiye unayejua. Kanuni ya kumi na tatu, ile ya wazee wenye macho mabovu kupanda bila kuweka nafasi, inatumika kabla ya adhuhuri au baada yake?"

Nyumbu hakuwahi kusikia kanuni ya kumi na tatu. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akatoa kalamu sikioni, akairudisha.

"Kabla," akasema.

"Ahsante. Na sehemu yake ya pili, ya wenye pembe kwenda kupimwa upana wa pembe, wasije wakawatoboa wazee. Wanapimwa hapa dirishani au mtoni?"

Nyumbu akafikiria kazi ya kupima pembe dirishani.

"Mtoni," akasema. "Imekuwa mtoni siku zote."

Pimbi akageukia upande wa Mbuni, akapunguza sauti. "Dada, kaka Nyumbu anasema kanuni ya kumi na tatu ni kabla ya adhuhuri tu. Mimi nikasema labda amesahau, bora nimuulize anayeijua vizuri."

"Kabla ya adhuhuri?" Mbuni akasema. "Huyu naye. Ni siku nzima."

"Unaweza kuniandikia?"

Mbuni akaandika, akapiga mhuri. Tap. Nyumbu alipoona mhuri wa mwenzake akaingiwa na wivu, akaongeza mstari wake kuhusu pembe na mto, naye akapiga wa kwake. Tap, tap, mara mbili, ashinde.

"Sehemu ya pili nilikuwa nakuja kuiandika mimi," Mbuni akalalamika.

"Ungeiandikaje? Ulikuwa likizo tulipofundishwa."

Kelele zikamleta Kiboko. Akaichukua karatasi, akaisoma toka juu mpaka chini, akaisoma tena. Akautupia jicho ubao wenye kanuni kumi na mbili.

"Mzee Kiboko," Pimbi akasema kwa adabu, "hawa wanabishana kama kanuni hii uliiandika wewe, au kuna mwingine anayekutungia."

"Anitungie nani?" Kiboko akanguruma. "Hii nimeiandika kwa mkono wangu. Nyati, shukeni. Nendeni mtoni mkapimwe pembe."

Bembea ikasimama. Nyati mkubwa akashuka, pua zikifuka.

"Kanuni gani hiyo? Mbona sijawahi..."

"Ndugu zangu," Pimbi akawageukia waliokuwa kwenye foleni, "Mzee Nyati amepanda siku tatu mfululizo, kumbe hazijui kanuni?"

Foleni yote ikamtazama Nyati. Nyati akakohoa.

"Nani kasema sizijui? Nilikuwa nawajaribu nyinyi. Twendeni, vijana, kabla foleni ya mtoni haijawa ndefu."

Wakaondoka, kwato ndi, ndi, ndi. Huko mtoni walimkuta Chura anaoga. Wakamuuliza kama yeye ndiye mpimaji. Chura hakutaka kuonekana mjinga mbele ya nyati kumi. Akasema ndiye, akachuma utete mmoja, akaanza na pembe ya kwanza. Mpaka alasiri alikuwa bado anawaambia wasitikisike.

Pimbi na Bibi wakapanda, viti tisa vingine vikajaa waliokuwa kwenye foleni tangu juzi. Kwiii, kwiii. Bembea ikapanda, ikapita miti, ikapita moshi wa jikoni, ikafika juu.

Bibi akakunja uso, akaweka mkono juu ya macho. Akatazama, akatazama, mpaka Pimbi akaingiwa na hofu kwamba wamechelewa.

"Bibi, unakiona?"

"Nakiona. Mawe yote matatu." Akacheka kidogo. "Kumbe ni kadogo vile. Na dada yangu aliniuma sikio tukigombania jiwe la juu."

Walipofika chini Bibi alikuwa anafuta macho, nayo hayakuwa yakimuuma. Pimbi akainama ambebe. Kiboko akatazama huku na huku, akahakikisha Nyumbu na Mbuni hawasikii, akasogeza mdomo wake mkubwa kwenye sikio dogo la Pimbi.

"Binti," akanong'ona, "si kwamba nimesahau. Kanuni ya kumi na nne inasemaje?"

Pimbi akamtazama Bibi, ambaye bado alikuwa amegeuza uso kuelekea ng'ambo.

"Inasema aliyeona vizuri mara ya kwanza ni lazima arudie, ahakikishe."

"Naam," akasema Kiboko. "Niliiandika vizuri sana hiyo." Akaushika mkono wa bembea, kwiii, akaanza kuzungusha.

Wanangu, hadithi yangu naitua hapa, na mzigo wake ni huu: anayeona haya kusema "sijui" huongozwa na yeyote anayejua kuuliza.