Kupisha kwa Muda

Mtu mmoja aliyeitwa Mbonea alikuwa na lugha mbili. Moja aliinyonya kwa mama yake bondeni, ya pili alijifunza mjini, kwenye baraza la mtawala. Kwa sababu hiyo alipewa kazi ya ukalimani. Kila mjumbe wa mtawala aliposhuka kusema na wakulima wa bondeni, Mbonea alisimama kando yake na kuyageuza maneno.

Aliyageuza vizuri mno. Mjumbe aliposema maji ya mfereji yataratibiwa, Mbonea alitafuta neno la kwao lililo laini vilevile, na watu wakapiga makofi. Wiki iliyofuata mfereji ulifungwa siku nne kati ya saba. Mjumbe aliposema kutakuwa na mchango wa hiari, askari walikuja wakafungua mazizi na kuondoka na mbuzi. Watu hawakumlaumu Mbonea. Waliambiana, "Labda sisi ndio tuliosikia vibaya." Neno hilo lilimchoma kuliko tusi, kwa maana yeye alikuwa akijua. Wajumbe walipokunywa chai peke yao hawakusema kuratibu wala hiari. Walisema kufunga, na walisema kuchukua.

Mwaka wa tatu mjumbe alikuja na karatasi ndefu na kidau cha wino. Sheria ya zamani ilisema bonde lile halitwaliwi mpaka kila kaya iweke dole gumba. Mjumbe alieleza kwamba wananchi wanaombwa kupisha kwa muda, ili ardhi iendelezwe kwa manufaa ya wote. Mbonea alikuwa ameyasikia ya kwenye chai, lakini aligeuza kama kawaida yake. Watu walipanga mstari, wakaanza kuchovya vidole.

Wa kwanza mstarini alikuwa Nakijwa, shangazi yake Mbonea, mjane aliyelima maharage karibu na mfereji. Dole gumba lake lilikuwa limekwisha kuwa jeusi kwa wino, lakini hakuligusisha kwenye karatasi. Alimtazama mkalimani.

"Mwanangu, maneno ya bwana nimeyasikia, ni mazuri. Sasa niulizie: mvua za vuli zikija, nitapanda wapi?"

Mbonea alimuulizia. Mjumbe alitabasamu, akajibu kwamba suala la mama huyu limepokelewa na litaangaliwa kwa jicho la pekee.

Mbonea alitafuta neno laini la kuligeuza jibu hilo. Katika lugha ya mama yake palikuwa na neno la kupanda na neno la kutopanda. Katikati hapakuwa na kitu. Mstari wote ulimngoja. Akaikumbuka nyumba aliyopewa mjini, na watoto wake waliolala humo. Kisha akasema kwa lugha ya bondeni, pole pole, ili hata walio nyuma wasikie:

"Shangazi, hutapanda. Bonde limekwisha kugawiwa watu wengine, na mkitoka hamtarudi."

Nakijwa aliinama, akafuta wino kwenye majani. Wa nyuma yake naye akafuta, na mwingine, na mwingine, mpaka majani ya pale yakawa meusi.

"Umewaambia nini?" mjumbe akauliza.

"Nimewaambia ulichosema," Mbonea akajibu.

Jioni ile alifukuzwa kazi na nyumba akanyang'anywa. Alishuka bondeni na mkewe, watoto na magodoro mawili, akitarajia kufungiwa milango. Nakijwa alimpisha chumba cha nje, akamwekea ugali na maharage, na hakumuuliza lolote kuhusu miaka mitatu iliyopita. Mbonea alikula kama mtu aliyetoka kufunga. Usiku huo, kwa mara ya kwanza tangu awe mkalimani, alilala bila kushtuka.

Karatasi ilirudi mjini bila dole hata moja. Miezi miwili watu walikaa roho juu, wakingoja askari. Badala yao ikaja barua: mpango wa bonde umeahirishwa ili kutoa nafasi ya tafakuri pana zaidi. Watu wakamzunguka Mbonea, nyuso zimekunjamana, wakamtaka awaambie hiyo nayo ni hila gani.

Mbonea aliisoma mara mbili. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi chini.

"Wameshindwa," alisema. "Nendeni mkapande."

Wakaenda, na vuli ile mvua ilikuja mapema.

Ndugu zangu, mkiletewa neno kubwa na zuri, msione haya kuliuliza mtalala wapi na mtakula nini, kwa kuwa neno la kweli haliogopi swali dogo.