Jino la Shomari

Mchungulia fizi haoni sikio. Mmeisikia ikisemwa, mkacheka, mkauliza fizi na sikio vimekutana wapi. Vilikutana Kitumbini, nyumbani kwa Bi Mgeni, na siku hiyo hakucheka mtu. Tulieni, niwaeleze chanzo chake.

Bi Mgeni aliishi na mke wa mwanawe, Mwanamvua, mwana mwenyewe akiwa kambini kwenye mkonge. Mwanamvua alikuwa na mtoto mmoja, Shomari, mtoto mpole mpaka alipoingia mwezi wa saba tangu azaliwe. Hapo akaanza kulia. Alilia akinyonya, akalia akilazwa, na akibebwa alisugua kichwa begani kwa mama yake huku akivuta sikio. Udenda ulimtoka mpaka kifua kikalowa. Kila aliyepita uani alisema neno lilelile: meno.

Ingekuwa meno tu, nani angeogopa? Lakini siku moja Bi Mgeni alipitisha kidole kinywani akakuta ufizi wa juu umevimba. Zamani zile mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu aliitwa kigego, na kigego, walisema, huiletea nyumba mikosi. Alitolewa akalelewe mbali, na mama yake mara nyingi alipewa talaka. Bi Mgeni hakuwa mtu mbaya. Dada yake alizaa kigego, mtoto akachukuliwa, na dada yule hakulitaja tena jina la mwanawe mpaka anaingia kaburini. Hofu hiyo Bi Mgeni alikuwa nayo moyoni miaka yote.

Basi nyumba nzima ikawa walinzi wa kinywa. Asubuhi Mwanamvua alimpeleka mtoto mlangoni penye mwanga, akainua mdomo wa juu, akashusha wa chini. Adhuhuri mama mkwe akarudia. Alasiri ilikuwa zamu ya wifi yake, Pili. Fizi zikapakwa asali, zikasuguliwa chumvi. Mtoto alipopata homa, wakasema homa ya meno. Alipoharisha, meno. Angevunjika mguu, wangesema meno.

Siku ya tisa, Mwanamvua akimwogesha mwanawe, aliona maji ya manjano yakimchuruzika shingoni. Akayanusa, yalinuka. Yalikuwa yakitoka masikioni, kulia na kushoto. Akamfuata mama mkwe jikoni, akaomba ruhusa ya kwenda zahanati.

"Zahanati kufanya nini?" akauliza Bi Mgeni.

"Masikio yanatoka usaha, mama."

"Hayo ni maji ya kuogea. Jino lina mishipa, huvuta hadi masikioni."

"Mama, wiki nzima hajalala."

Bi Mgeni akaweka mwiko chini. "Wakimfumbua kinywa kule mbele za watu, wakaona jino la juu, utarudi naye wapi? Ngoja litoke. Likiwa la chini, nitakusindikiza mwenyewe."

Mwanamvua akangoja. Hilo ndilo lililomuuma maisha yake yote, kuliko maneno ya mama mkwe: kwamba alingoja, na kwamba kesho yake, alipobaki peke yake na mwanawe, alichofungua kwanza kilikuwa kinywa.

Wiki ya tatu kilio kikakoma. Usaha ulikauka, homa ikashuka, mtoto akalala. Wakashukuru. Siku mbili baadaye kidole cha Bi Mgeni kikagusa kitu kikali, kidogo kama chenga ya mchele. Kilikuwa chini. Bi Mgeni alilia kwa furaha. Akaita majirani, ua ukajaa wanawake, na vigelegele vikapigwa juu ya kichwa cha mtoto mpaka kuku wakatawanyika.

Shomari hakugeuka. Hakushtuka, hakupepesa hata jicho. Alikaa mkekani akitafuna pindo la kanga.

Mwanamvua akamtazama. Akachukua kifuniko cha sufuria na mwiko, akasimama nyuma ya mwanawe, akagonga. Wanawake wakaziba masikio. Mtoto akaendelea kutafuna. Akagonga tena, na tena, mpaka Pili akamshika mkono.

"Jino ni la chini, mwanangu," Bi Mgeni akasema kwa sauti iliyokatika. "La chini."

"Nimeliona, mama. Sote tumeliona. Mchungulia fizi haoni sikio."

Bi Mgeni alitimiza ahadi yake, akawasindikiza zahanati. Njia nzima alimbeba mjukuu yeye, akimwita jina lake. Huko wakaambiwa wamechelewa.

Shomari yupo. Ndiye yule fundi vitanda wa sokoni mnayemwita Bubu, mnayempigia kelele mgongoni kisha mkacheka asipogeuka. Kesho mkipita, mwamkieni kwa mkono, naye atawachekea. Tazameni meno yake: mazuri, yamejipanga, hata moja halikukosea njia.

Mchungulia fizi haoni sikio.