Duara la Sultani

Hapo zamani, mwezi ishirini Shaabani, saa kumi za alasiri, Sultani aliingia chuoni kwa Maalim Mshamu, na tangu saa ile duara likaharibika mji mzima.

Mshamu, mgane fukara, hakuwa na kitu ila chuo hicho alichoachiwa na marehemu mkewe, Bi Mwanakheri. Mke huyo ndiye aliyeanza kuwafundisha watoto kuchora maumbo kwa mfano wa kofia: duara ni utosi wake, na mstatili ni ukanda unaozunguka kichwa. Watu walimwita Mshamu mpumbavu, mtu mzima anayecheza mchangani na watoto. Naye akicheka pamoja nao, kisha akirudi kuchora.

Basi Sultani, akitaka kuonyesha elimu yake, akatwaa kijiti akachora duara mchangani. Likatoka limevimba huku, limechongoka kule. Waziri akaapa kuwa hajapata kuona duara lililotimia namna ile. Zuleha, mdogo wa wote chuoni, akasema, "Hicho kiazi."

Sultani akanuna. "Maalim, tangu leo hili ndilo duara. Wafundishe hivyo. Nikiona jingine, chuo hiki nitakifanya banda la farasi."

Mshamu akaikumbuka sauti ya mkewe chini ya paa lile, akainama. "Nimesikia, Seyidi yangu. Niruhusu nilinakili kwenye kitambaa, nisije nikapunguza hata chembe ya ubora wake."

Ikawa kila siku watoto wanachora kiazi na kuitikia duara.

Na desturi ya mji ule, utosi wa kofia ya Sultani ya Idi hukatwa na mtoto mdogo kabisa wa chuo, kwa kutaka baraka, wala kofia haijaribiwi kabla ya Sultani kusimama mbele ya watu. Zuleha akakata kama alivyofundishwa. Washonaji wakamwendea Mshamu wakilia, naye akawaambia, "Shoneni, mama zangu. Au mnataka kuvunja amri?"

Asubuhi ya Idi Sultani akaivaa. Upande mmoja ikasimama kama pembe, upande wa pili ikamfunika sikio. Akaisukuma, ikamziba jicho. Akauliza ni nani aliyemfanyia dhihaka.

Mshamu akajongea taratibu. "Dhihaka hapana, Seyidi yangu. Kofia imefuata duara lako. Labda ni kichwa ndicho hakijasikia amri."

Watu wakatazama chini. Waziri akasema kwa haraka kuwa kofia imekaa vizuri mno.

"Basi ivae wewe," Sultani akamwambia, "na usiivue mpaka sikukuu ipite."

Akamtazama Waziri alivyokuwa, akacheka mpaka akashika mbavu.

Idi ilipokwisha, Sultani akaja chuoni, akaketi mchangani. Zuleha akachomeka kijiti, akampa ncha ya uzi. "Polepole, Seyidi. Uzi usilegee." Duara likatoka, na chuo kikabaki chuo.

Mola amrehemu Bi Mwanakheri, aliyewafundisha watoto maumbo kwa upole. Na umbo lile la mwisho alilolazwa ndani yake, lenye pembe nne, Mola ampanulie na kumtilia nuru. Amina.