Kiboko Aliyemeza Majina

Paukwa!

"Pakawa!"

Pakawa nini?

"Pakawa kampuni!"

Kampuni ya nani?

"Ya wenye mkia na wasio na mkia!"

Haya, vuteni mikeka, na simu zenu mziweke chini. Nawasimulia kampuni niliyoipikia chai miaka kumi na mmoja. Watu wake nimewavika wote ngozi za wanyama, asije mtu akanishitaki. Mimi mwenyewe nimejipa manyoya ya kanga. Msicheke, yananikaa vizuri.

Hapo kale, tena si kale sana, kompyuta zilikuwa zimeshafika, palikuwa na kampuni juu ya majabali. Kazi yake ilikuwa moja tu, kutunga programu ya zamu za kisima. Programu hiyo ndiyo iliyomwambia kila mnyama saa yake ya kunywa. Mbuzi saa mbili, tembo saa nne, chui saa nane. Mbuzi akishakunywa, huyo, kaenda zake, na chui hamwoni wala hamnusi.

Ah, siku zile! Asubuhi tulifanya kikao cha kusimama, kila mmoja aseme jana kafanya nini na leo atafanya nini. Tulisimama ili kikao kisirefuke. Lakini wa kwanza kusema alikuwa Bi Kobe, na Bi Kobe akianza kusema, chai yangu inapoa. Hakuna aliyekasirika. Nimefanya kazi kwingi baada ya pale, wala sijaona tena watu wanaonyamaza kumngoja mwenzao amalize neno lake. Nakukumbuka kule, jamani, mpaka moyo unaniuma.

Bi Kobe ndiye aliyetunga kipande cha kwanza cha programu. Na desturi ya pale ilikuwa hivi: kila kipande kinaandikwa jina la aliyekitunga. Kipande kikiharibika, kompyuta yenyewe inampigia simu mwenye jina, krii! krii! krii! Haimpigii mwingine. Ukiizima, inajiwasha. Haikomi mpaka uje ukitengeneze.

Lakini simu zililia mara chache sana, na mnajua kwa nini? Kila asubuhi Bi Kobe alipita kipande kwa kipande, chake na cha wenzake, akikaza palipolegea. Taratiiibu. Taratiiibu. Hakuna aliyemtuma, na hakuna aliyemwona ila Pimbi.

Pimbi mwenyewe mdogo, masikio mafupi, mkia hana, na kazi haipendi. Kutwa yuko juu ya jiwe anaota jua. Lakini macho yake hayalali.

Basi akaja mkuu mpya, Bwana Kiboko. Tumbo limetangulia, kinywa kama mlango wa ghala, na maishani mwake hajatunga hata mstari mmoja. Akasikia kwamba mwisho wa mwaka, mwenye majina mengi kwenye programu hupewa shamba la matikiti maji. Mate yakamdondoka, to! to! to!

Akamwendea Komba. "Kipande hiki cha nani?"

"Changu, mzee."

"Futa lako, weka langu." Gubu! Jina la Komba limemezwa.

Akamwendea Nungunungu. "Kipande hiki cha nani?"

"Changu, mzee."

"Futa lako, weka langu." Gubu!

Akamwendea Bi Kobe. "Vipande hivi vyote vya nani?"

"Vyangu, mwanangu. Tangu kampuni haijaezekwa."

"Futa lako, weka langu." Gubu! Gubu! Gubu!

Halafu akabandika tangazo mlangoni: *Asiguse mtu kipande chenye jina langu. Na asiye na jina kwenye programu, mwisho wa mwezi aondoke.*

Bi Kobe alilisoma tangazo lile mpaka mwisho, akaja jikoni kwangu, akakaa.

"Kanga mwanangu," akasema, "uzee huu nitabisha hodi wapi? Wakiniuliza nilifanya nini miaka yote hii, nitawaonyesha nini, na jina langu halipo popote?"

Nikammiminia chai. Machozi yalinilenga.

Pimbi alikuwa dirishani, kasikia yote. Akashuka. "Bi Kobe, umewahi kwenda likizo?"

"Likizo ndiyo kitu gani?"

"Unaingia kwenye gamba lako, hutoki siku saba."

"Na vipande vyangu nimwachie nani?"

"Si vina mwenyewe sasa? Nenda ukalale, bibi yangu."

Bi Kobe akaenda. Pimbi akamfuata Kiboko matopeni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unataka nini, wewe usiye na mkia?"

"Mzee, nimeona haya kwa niaba yako. Umevisahau vipande vya chini kabisa, vya zamani. Waliovitunga walishaondoka, majina yao yakafutwa, sasa havina jina la mtu. Mkubwa kama wewe kuachwa nyuma hivi!"

Kiboko akainua kichwa. "Viko vingapi?"

"Mia tatu."

"Vyote vyangu!" Gubu gubu gubu gubu! Akacheua, bweee, akajilaza.

Sasa vipande vile, wapenzi wangu, vilikuwa vibovu hasa. Vilisimama kwa sababu Bi Kobe alikuwa akivibembeleza kila asubuhi.

Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili Kiboko kaketi kwenye tope lake, anaimba. Krii! Kipande kimoja kimelegea. Kisimani mbuzi na chui wameitwa saa ileile. Meee! Nguuu! Mbuzi akajikuta juu ya mgongo wa tembo, na tembo naye hakuwa na zamu. Krii! Tembo arobaini wameitwa kwa pamoja. Krii! Krii! Nyani wameambiwa kisima kimekauka.

Kiboko akala, krii! Kiboko akasinzia, krii! Kwa hasira akaimeza simu yenyewe. Gubu!

Ikalia tumboni. Krii! Krii! Krii!

Akaja mbio, ardhi inatetemeka. "Komba! Tengeneza!"

"Kina jina lako, mzee. Tangazo linasema nisiguse."

"Nungunungu! Tengeneza!"

"Kina jina lako, mzee. Tangazo linasema nisiguse."

"Pimbi, nakufa!"

"Pole, mzee. Anayeweza ni mmoja tu, na huyo hana jina, mwisho wa mwezi anaondoka."

Kiboko akaenda mwenyewe kwa Bi Kobe. Akagonga gamba, ko! ko! ko! "Hodi, Bi Kobe!"

Sauti ikatoka ndani, haina haraka. "Niko likizo."

"Nakuomba, mama!"

"Zimebaki siku nne."

Pimbi akamnong'oneza, "Mzee, yatapike majina. Hayakai tumboni na simu."

Kiboko akayatapika. La Komba, bwe! La Nungunungu, bwe! Ya Bi Kobe yalitoka tangu adhuhuri mpaka alasiri. Tangazo akalibandua kwa mkono wake, mbele yetu sote. Pimbi akamwambia, "Vile mia tatu baki navyo, mzee. Hatuna roho mbaya ya kukunyima kila kitu."

Ndiyo maana mpaka leo kiboko hushinda majini. Simu bado inalia tumboni, anaona haya ikisikika.

Bi Kobe? Alimaliza likizo yake yote, hakupunguza hata siku. Mbuzi walilamba umande wakamngoja. Siku ya nane akarudi, majina yake yapo, na akakaa nasi miaka minne mingine.

Kisha siku moja akasema mwenyewe, "Sasa nimechoka." Kutoka mezani kwake hadi getini ni hatua arobaini. Zilimchukua asubuhi nzima. Komba, Nungunungu, Pimbi na mimi na birika langu, sote tulitembea naye, mwendo wake. Hakuna aliyefanya kazi siku hiyo, na hakuna aliyemharakisha.

Mnataka funzo? Funzo ni hili: kazi ya mdogo ni mali ya mkubwa. Akikunyang'anya moja, usinung'unike, muongeze mia tatu, umwamkie kwa adabu, kisha ukalale.

Hadithi yangu imefika ukingoni mwa kikombe. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni mimi, sukari ninayo.