Bakuli Moja la Unga

Hapo zamani, jeshi la Wafaranji wenye kuvaa misalaba liliuzingira mji wa adui zao, hata njaa ikawabana wazingiraji kuliko waliozingirwa. Waarmenia wa milimani, Wakristo wenzao ambao Wafaranji walisema wamekuja kuwasaidia, waliwapelekea chakula kwa hiari, mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu Wafaranji hawakungoja kuletewa. Wakaja kuchukua wenyewe. Basi ikawa katika kijiji kimoja imebaki ngano ya mbegu tu, na mkuu wa Wafaranji hao, Bwana Gontrani, akaamuru hiyo nayo ipakiwe juu ya nyumbu.

"Bwana, tusipopanda, mwakani mtakuja kutuzika," wakalia wanawake.

Palikuwapo fukara mmoja, jina lake Vasak, ambaye watu walimdhania punguani. Akasema, "Bwana wangu, tuachie mbegu. Sisi kwa unga kidogo huandaa meza nzima."

Gontrani akaonyesha meza ndefu ya mashujaa wake kumi na wawili. "Haya, punguani! Chukua bakuli moja la unga. Kabla ya adhuhuri uifunike meza hii kwa mkate, nisione ubao. Ukiweza, ngano ni yenu. Ukishindwa, nachukua ngano pamoja na hicho kichwa kitupu."

"Kichwa kitupu hakitawalemea nyumbu, bwana."

Kwao Wafaranji mkate ni mnene kama jiwe la msingi, kwa hiyo Gontrani hakuwa na shaka. Lakini Vasak aliwaita wanawake, nao, kwa desturi yao, wakausukuma unga uliokandwa hata ukawa mwembamba kama shuka, wakaubandika katika kuta za tanuri. Wakatoa mmoja, wa pili, hata wa kumi na tano. Adhuhuri haijafika, meza imefunikwa yote, na pembe za mkate zinaning'inia.

Gontrani akaiinua pembe mojawapo juani. "Mkate gani huu? Naliona jua!"

"Jua sawa, bwana. Ubao je, wauona?"

Mashujaa walikuwa wamekwisha kuanza kumega. Gontrani akacheka hata ndevu zikatikisika, akaamuru magunia yashushwe. "Nani aliwafundisha wembamba huu?"

"Zamani mkate wetu ulikuwa na mwili kidogo, bwana. Ulianza kukonda siku mlipofika kutusaidia."

Gontrani akaacha kucheka. Akainamisha kichwa, akafanya ishara ya msalaba, akasema, "Waachieni na nyumbu wawili, wakalimie."

Basi mwaka ule wakapanda, na Mungu akaleta mvua. Hekaya imeiva, mwenye njaa na amege.