Atiaye Macho

Hapo zamani, na nikisema zamani msinikodolee macho, maana rangi ya kisa hiki bado mbichi, palikuwa na mchoraji mmoja mjini Tanga aitwaye Chausiku. Alichora na kufundisha katika ghala kuukuu la mkonge. Kila Jumamosi wanawake wa mtaa walikwenda kujifunza kwake: washonaji, wauguzi wastaafu, na wengine waliofuata umbea tu. Na ukali wa Chausiku? Pilipili kichaa ina nafuu.

Wanafunzi wake walipenda kuchora kanga na hereni. Wakifika usoni, mikono inakufa ganzi. "Mwalimu, nisaidie macho." Chausiku akatia macho, wao wakatia majina, wakaenda kusifiwa majumbani mwao. Siku moja akachoka. Alichukua picha ya Tunu, binti hodari kuliko wote, akalikwangua jina lake kwa kisu mbele ya darasa zima.

"Macho haya nimetia mimi," alisema. "Humu ndani, atiaye macho ndiye atiaye jina. Asiyeweza macho akachore mabirika!"

Wenzake wakacheka. Tunu hakucheka. Alijifuta machozi kwa ncha ya mtandio, na tangu siku hiyo hakuchora kitu ila macho: macho ya mbuzi, macho ya mama yake akipuliza moto, macho ya mdai aliyesimama mlangoni. Hata mwalimu mwenyewe akaacha kumkosoa.

Basi mtaani hapo palikuwa na muuza vitumbua aliyeitwa Mama Shukuru. Shukuru, mwanawe wa pekee, alikuwa amefariki, lakini watu waliendelea kumwita mama yake hivyo hivyo. Kila aliyetaka kitumbua alimchoma kwa jina la marehemu. Siku Chausiku alipoagizwa picha kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Dar es Salaam, akamwendea yeye.

"Nichore," alisema Mama Shukuru, "ila nikiwa nimefumba macho. Sitaki mtu nisiyemjua aje kuchungulia msiba wangu."

"Nakuahidi, shoga yangu. Yatafumbwa."

Ahadi hiyo Chausiku hakumwambia mtu. Na kulikuwa na jambo la pili ambalo hakumwambia mtu: alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na dunia yake ilikuwa imejaa ukungu. Rangi alizitambua kwa mahali makopo yalipopangwa. Hospitali hakwenda, kwa kuogopa watu waseme mwalimu wa uchoraji amekuwa kipofu. Ah, kiburi hicho! Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua walikuwa wakimsema yeye, ila yeye aliumbuliwa na picha.

Akachora. Shavu likaja, shingo ikaja, mikono yenye makovu ya mafuta ya moto ikaja. Mwisho akachovya brashi kwenye kopo la nyeusi, akachora mistari miwili ya kope zilizofungwa, taratibu, kwa mkono unaojua kazi. Lakini aliyefagia asubuhi alikuwa amesogeza makopo. Brashi ilitoka na kahawia ile ile ya ngozi, na pale palipotakiwa kuwa na kope pakabaki mabaka mawili matupu.

"Jina nitatia ikikauka," alisema, akaenda nyumbani kujilaza, kichwa kikimgonga.

Tunu ndiye aliyebaki kuifunga picha. Akayaona yale mabaka. Akaelewa, au alidhani ameelewa. "Masikini mwalimu, haoni tena, na hataki kusema." Akashika brashi kwa huruma, na tusidanganyane, kwa uchu pia. Macho ya Mama Shukuru aliyajua vizuri. Wakati wa matanga yeye ndiye aliyemnawisha uso, yeye ndiye aliyemshika alipokuwa akilia. Akayatia. Yakatoka macho ya mama aliyemzika mwanawe na kesho yake akaamka kuumua unga. Kisha akaikumbuka sheria, akaandika chini kwenye kona: Tunu. Ilipokauka, akaizungushia gunia. Kesho yake mwalimu alipouliza, akamwambia picha imekwisha kufungwa, na mwalimu, kwa kuogopa kuombwa aikague, hakuuliza tena, wala jina hakulitia.

Wakaenda Dar es Salaam wote watatu. Ukumbi ulifurika. Chausiku alisimama mbele ya picha yake asione kitu ila kivuli, akasikia watu nyuma yake wakisema, "Macho haya! Jamani, macho haya!"

Macho gani? Akageuka kumuuliza Mama Shukuru, akaushika mkono wake, akaukuta baridi.

Hapo hapo msimamizi wa maonyesho akapanda jukwaani. Picha hiyo imeshinda. Itabaki ukutani pale daima, na mchoraji wake atapewa chumba cha kuchorea kwa mwaka mzima. "Namwita mshindi wetu, Tunu!"

Wacha wee! Mnajua ghala likishika moto? Ndivyo kifua cha Chausiku kilivyowaka.

"Mwizi!" akapiga ukelele. "Nimekulea, nimekufundisha kushika brashi, unanilipa hivi? Uso ni wangu, mikono ni yangu, kila rangi niliichanganya mimi! Hii ni picha yangu ya mwisho, unasikia? Ya mwisho! Sitaona tena hata nichore nyingine. Unaninyang'anya jina kwa macho mawili?"

Tunu hakurudi nyuma. "Sheria ni ya nani, Mwalimu? Uliponikwangua jina langu kwa macho mawili, wenzangu wakinicheka, nilinyamaza. Leo macho nimetia mimi. Ningeandika Chausiku, ningesema uongo. Na hawa watu wamesimama mbele ya nini? Mbele ya shingo?"

Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Ndipo Mama Shukuru akasema. Hakupiga kelele, lakini ukumbi mzima ulimsikia.

"Mnagombea jina juu ya uso wangu. Wewe, Chausiku, uliniahidi. Ungesema ahadi yangu kwa mtu mmoja tu, ungesema ugonjwa wako kwa mtu mmoja tu, nisingesimama hapa nikiwa uchi. Na wewe, Tunu, nilikulilia begani. Nilikupa machozi uyafute, kumbe ulikuwa ukiyapima uyachore. Kila mtu hapa anasema picha ni yake. Haya, mmoja wenu aniambie mimi naitwa nani. Si Mama Shukuru. Mimi. Jina nililopewa na mama yangu."

Chausiku alifumbua mdomo. Tunu alifumbua mdomo. Hakuna aliyelijua. Walikuwa wameuchora uso ule mpaka mwisho, na hakuna aliyewahi kuuliza.

Msimamizi, jasho likimtoka, akaishusha picha, akailaza mezani, akaweka brashi moja na kopo la rangi nyeusi. "Malizaneni wenyewe," akasema. "Ila atakayeishika brashi ni mmoja, na atakalofanya ndilo litakalobaki."

Mikono mitatu ikanyooka. Chausiku alitaka kulifuta lile jina aandike lake, kabla ukungu haujawa giza. Tunu alitaka kuivunja brashi vipande viwili, macho na jina vibaki kama vilivyo. Na yule mama ambaye mimi pia nimemwita Mama Shukuru tangu mwanzo wa kisa, nanyi mmekaa hapo hamkuniuliza, yeye alitaka kuyafumba macho yake.

Brashi ni moja, na rangi koponi inaanza kuganda. Haya semeni, msinitazame mimi: nani alistahili kuishika?